Tupime Kabla ya Kuzungushia Ua: Funzo la Kipepeo wa Uingereza

Haya ni maelezo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika baraza la wakazi kuhusu malisho na uhifadhi.

 

Nimepewa dakika chache kabla ya kikao cha maoni. Mimi nilisomea uandishi wa habari, sikusomea mifugo wala wanyamapori. Kwa hivyo sikuja kumfunza mtu kuchunga.

Miaka ya nyuma, nikiwa mgeni katika kazi hii, niliandika tangazo la kuwataka wafugaji watoe mifugo yao katika eneo fulani ili mimea na wadudu wapumue. Mzee mmoja alilisoma hadi mwisho, akaniuliza: "Mwanangu, hizo nyasi nani alizipima?" Sikuwa na jibu. Swali hilo lilinifanya nianze kusoma, na katika kusoma nikakutana na kisa cha kipepeo mkubwa wa buluu wa Uingereza.

Kipepeo huyo aliishi kwenye miteremko ya malisho kusini mwa nchi hiyo. Alikuwa adimu na mrembo, na watu walimkamata ili kumhifadhi katika makabati yao. Idadi yake ilipozidi kupungua, wapenzi wa viumbe waliwalaumu wakusanyaji hao. Baadhi ya maeneo yake yakazungushiwa ua, watu wakazuiwa, na mifugo pia ikabaki nje. Nia ilikuwa njema, lakini kipepeo aliendelea kutoweka.

Mwaka wa 1972, mtafiti kijana aitwaye Jeremy Thomas alianza kumchunguza katika eneo la Dartmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza, ambako kundi la mwisho lilikuwa limesalia. Alikaa nyasini msimu baada ya msimu, akihesabu mayai, akifuata viwavi na kukagua vichuguu vya sisimizi.

Aligundua jambo la ajabu. Kiwavi wa kipepeo huyu hula maua ya mmea mfupi wenye harufu nzuri kwa muda wa wiki tatu hivi, kisha hujiangusha chini. Sisimizi mwekundu akimkuta humdhani ni mtoto wake aliyepotea, akambeba hadi kichuguuni. Humo kiwavi hukaa miezi mingi akiwala watoto wa mwenyeji wake, mpaka atoke akiwa kipepeo.

Wako sisimizi wekundu wa aina kadhaa, lakini ni aina moja tu inayomfaa kweli. Akibebwa na aina nyingine, kwa kawaida hafiki mwisho. Na aina hiyo moja inahitaji udongo wenye joto. Udongo wa kule hupata joto la kutosha pale tu nyasi zinapokuwa fupi sana, chini ya sentimita 3 hivi. Nyasi zikirefuka, kivuli huingia, udongo hupoa, na sisimizi wengine huchukua nafasi.

Sasa, nyasi hizo zilikuwa zikifupishwa na nani? Na ng'ombe, kondoo na sungura. Wakulima wengi waliacha kuchunga kwenye miteremko hiyo. Katika miaka ya 1950 ugonjwa wa miksomatosi ukaua sungura karibu wote. Na pale palipokuwa na ua, wanyama wa kufupisha nyasi walikuwa wamefungiwa nje na watu waliotaka kumwokoa kipepeo.

Thomas alipata jibu, lakini muda ulikuwa umekwisha. Mwaka wa 1979 kipepeo huyo alitangazwa kutoweka Uingereza.

Hakuna aliyekata tamaa. Malisho yalirudishwa katika maeneo machache, na kuanzia 1983 vipepeo wa aina hiyo waliletwa kutoka Sweden. Safari hii walistawi. Mwaka wa 2020 takriban vipepeo 750 waliruka katika malisho ya Rodborough, mkoa wa Gloucestershire, mahali ambapo hawakuwa wameonekana kwa miaka 150. Ng'ombe wa wenyeji ndio waliosaidia kuandaa malisho hayo, wakichungwa kwa mpango.

Naomba nieleweke. Sisemi mifugo iachiliwe kila mahali. Ng'ombe wakizidi, hata ule mmea wa kiwavi hauna nafuu. Ninachosema ni kwamba ardhi ya Uingereza ni ya Uingereza na yetu ni yetu. Hatuwezi kunakili jibu lao. Tunachoweza kuiga ni bidii yao ya kupima na kuchunguza kabla ya kuamua nani atolewe.

Katiba yetu, Kifungu cha 69, inaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika usimamizi na uhifadhi wa mazingira. Wewe unayepeleka mbuzi malishoni kila alfajiri unajua nyasi gani zimepungua, ndege gani haonekani tena, na mto ulianza kukauka mwezi gani. Hayo ni maarifa. Yakiandikwa na kupimwa, yanakuwa ushahidi mezani.

Kwa hivyo, maikrofoni ikikufikia leo, usiseme tu "tunapinga" au "tunaunga mkono." Tuambie umeona nini, wapi, na tangu lini. Karani ataandika. Na likija tangazo lenye jina langu chini yake, tafadhali niulizeni tena swali la yule mzee: nani alipima?