MZAZI WA ZAMU NA MWALIMU WA DARASA LA SITA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wakaao Tena, Nairobi)



Katika mikutano yetu tumezoea kuzungumza habari za mishahara, zamu na likizo. Leo tumetakiwa tuseme juu ya watoto wetu walio darasa la sita. Huenda mwenzetu akauliza, Je, chama cha wafanya kazi kina shauri gani na darasa? Sisi twamjibu hivi: tazama mshahara wako unakokwenda. Ukisha kulipa nyumba na unga, unaobaki huenda kwenye sare, madaftari na chakula cha mtoto. Basi mtoto akiharibikiwa shuleni kwa sababu mzazi na mwalimu hawakuonana, fedha ile tuliyoigombania kwa matajiri imemwagika njiani.

Tuanze na jambo lililotukia hapa kwetu. Mwenzetu mmoja, ambaye jina lake hatulitaji, hufanya zamu ya usiku katika kiwanda kimoja upande wa Industrial Area. Hurudi Tena asubuhi, mtoto amekwisha kwenda shule. Huondoka jioni, mtoto hajafika. Mwalimu alipeleka habari kwa wazazi kwa njia ya WhatsApp, kwamba kila mtoto alete vifaa vya kazi ya mikono itakayotiwa alama. Mwenzetu ana simu ndogo ya kabambe, isiyopokea habari za namna hiyo. Mtoto akaenda mikono mitupu, mara ya kwanza na mara ya pili. Mara ya tatu aliogopa, akashinda mtaani siku tatu nzima na begi lake mgongoni.

Mwalimu akasema, Mzazi huyu hajali. Mzazi akasema, Mwalimu huyu anamchukia mwanangu. Alipoomba ruhusa kazini ili aende shuleni, aliambiwa akienda atakatwa mshahara wa siku. Akaenda, akakatwa. Sisi wa tawi tulifuatana naye. Walipoketi pamoja, mambo yalikwisha kwa muda usiofika nusu saa, kwa maana kila mmoja alikuwa amemkasirikia mtu asiyemjua hata kwa sura. Mtoto alirudi darasani siku ile ile. Lakini alama za kazi zile mbili zilikuwa zimekwisha kupotea, na mshahara wa siku moja pia.

Sasa tueleze kwa nini jambo hili lina uzito leo kuliko zamani. Wazee waliosoma wakati wa ukoloni wanakumbuka mtihani wa darasa la nne uliowarudisha nyumbani watoto wengi wa Kiafrika kabla hawajabalehe. Baadaye, kuanzia mwaka 1985 mpaka 2023, kulikuwa na mtihani wa KCPE mwishoni mwa darasa la nane. Mzazi aliweza kulala miaka saba akaamka mwaka wa nane. Akanunua kalamu, akaomba Mungu, akangoja matokeo.

Katika mtaala wa umilisi mambo yamegeuka. Darasa la sita ndilo mwisho wa shule ya msingi. Hapo mtoto hufanya tathmini iitwayo KPSEA, ambayo ilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, na kundi lile la kwanza likaingia darasa la saba Januari 2023. Baraza la Mitihani lilipoiweka tathmini hiyo liliipa sehemu 40 katika 100. Zile 60 nyingine hutoka katika kazi zinazofanywa shuleni, 20 darasa la nne, 20 la tano na 20 la sita. Maana yake, mzazi anayengoja siku ya karatasi za mwisho amekwisha kuchelewa, kwa kuwa zaidi ya nusu ya safari imepita. Na kazi hizo za shuleni ndizo zinazohitaji vifaa, tarehe na habari kutoka kwa mwalimu. Habari isipofika nyumbani, alama haifiki.

Tena tusiwatishe watoto bure. KPSEA haikuwekwa ili kumzuia mtoto asiende darasa la saba. Imewekwa kuonyesha anachoweza na asichoweza. Ndiyo sababu karatasi ya matokeo haisemi amekuwa wa kwanza au wa arobaini. Inasema amezidisha matarajio, amefikisha, amekaribia, au yuko mbali nayo. Basi tuache kumwuliza mwalimu, "Amekuwa wa ngapi?" Tumwulize, "Ni jambo gani hajaliweza bado, na nyumbani tufanye nini?"

Mwalimu wa darasa la sita anatutazamia nini? Si mambo makubwa. Mtoto afike kwa wakati, awe amelala vya kutosha. Daftari la kazi ya nyumbani litazamwe na mtu mzima na kutiwa sahihi. Mtoto akiugua, mwalimu aarifiwe. Mzazi aitwapo, aende, au apeleke mtu anayeweza kusema kwa niaba yake. Na azungumze kwa adabu. Mwalimu ni mfanya kazi kama sisi. Chama chao, KNUT, kiliundwa mwaka 1957, nao wamegoma na kuteseka kama tulivyoteseka sisi. Kumpigia mwalimu simu usiku wa manane, au kumfokea mbele ya watoto, ni kumtendea tusilotaka msimamizi atutendee sisi.

Nasi tunayo haki, na yafaa tuijue. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumpiga mtoto shuleni na kumtesa moyo wake. Inakataza kumrudisha mtoto nyuma darasa. Inakataza masomo ya kulazimishwa wakati wa likizo. Karo ya masomo haitozwi katika shule ya serikali, na malipo mengine yakiwa yameidhinishwa, mtoto hafukuzwi kwa kukosa kuyalipa, na kila shilingi itolewe risiti. Tena kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa chama cha wazazi cha shule hiyo. Tusiache nafasi zile kwa wenye magari peke yao, kisha tukarudi tukilalamika kituoni tukingoja matatu.

Kwa hiyo tunaleta mashauri manne mbele yenu.

Kwanza, kila mzazi wa darasa la sita amwone mwalimu mara moja mwanzoni mwa muhula, kabla ya tatizo lolote, amweleze zamu zake na njia ya kumpata. Mwenye kabambe aseme waziwazi kwamba ana kabambe. Si aibu. Ujumbe mfupi wa kawaida utamfikia, na karatasi iliyobandikwa ndani ya daftari itamfikia.

Pili, wanachama wa ploti moja waungane. Mwenye simu kubwa awasomee wengine habari za shule kila jioni. Mama anayeuza mboga langoni, ambaye huwaona watoto wote wakipita, aombwe kutuambia akimwona mtoto mtaani saa za masomo.

Tatu, na hili ni la chama. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inatupa likizo ya kila mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, lakini haitaji ruhusa ya kwenda shuleni kwa mtoto. Jambo ambalo sheria haikulitoa, mapatano yaweza kulitoa. Tunaomba mkutano huu ukubali kwamba katika mapatano yajayo tutadai nusu siku yenye malipo kila muhula kwa mzazi aliye na barua ya shule. Mihula ni mitatu, basi ni siku moja na nusu kwa mwaka. Hakuna kiwanda kitakachofungwa kwa siku moja na nusu.

Nne ni letu wenyewe. Tumezoea kwenda shuleni tunapoitwa kwa makosa tu, na mtoto akimwona baba langoni anatetemeka. Twende pia siku isiyo na kosa. Na yule wa zamu ya usiku, ambaye hawezi kukaa na mtoto jioni, akae naye Jumapili saa moja, afungue daftari, aulize. Hata asiyejua kusoma aweza kusema, "Nisomee mwanangu, nisikie."

Mwenzetu yule sasa ameandikiwa na mwalimu tarehe zote za muhula katika karatasi moja, nayo ameibandika mlangoni mwake. Kila atokapo kwenda zamu huitazama kwanza.

Ndugu wanachama, mashauri ndiyo hayo. Wanaokubali shauri la tatu wainue mikono, karani ahesabu na aandike.