Tuanze na Karatasi ya Dawa: Kutambua Figo za Watoto Zilizoumizwa na Dawa



Mtoto ambaye mirija ya figo zake inaharibiwa na jentamisini anaweza kuwa ananyonya vizuri, homa imeshuka, na anakojoa kama kawaida. Kwa macho ya kila anayepita wodini, huyo anaendelea vizuri. Ninachotaka kukitetea mbele yenu ni kwamba ugonjwa huu hutambuliwa kwanza kwenye karatasi ya dawa, kisha kwenye mkojo, na maabara huja kuthibitisha. Wengi wetu tunafuata mpangilio wa kinyume, na hapo ndipo tunapochelewa.

Tuitazame kreatinini, kipimo cha maabara tunachokitegemea. Hupanda baada ya figo kuumia, na siku moja au mbili zinaweza kupita kabla haijaonyesha chochote. Tena inategemea misuli. Chukueni mtoto wa miaka miwili, urefu sentimita 85, ambaye majibu yake yanasema mikromoli 70 kwa lita. Kama fomu ya maabara imechapwa viwango vya mtu mzima, namba hiyo itarudi bila alama yoyote ya hatari, na faili litafungwa. Lakini mtoto wa umri huo kwa kawaida hafikii hata 40. Tukitumia kanuni ya Schwartz ya mwaka 2009, yaani 36.5 mara urefu kwa sentimita, kisha tugawe kwa kreatinini, tunapata uchujaji wa takriban 44, ilhali alipaswa kuwa juu ya 90. Na kanuni hiyo inachukulia kwamba kreatinini imetulia. Kama bado inapanda, hali ni mbaya kuliko hesabu inavyosema. Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, ambaye misuli imekwisha, udanganyifu ni mkubwa zaidi, na kwa mtoto mchanga wa siku mbili tatu sehemu ya kreatinini tunayoipima bado ni ya mama yake.

Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa figo wa KDIGO wa 2012 unatazama mwendo wa kreatinini: kupanda kwa mikromoli 26.5 au zaidi ndani ya saa 48, au kufikia mara 1.5 ya kiwango cha awali ndani ya siku 7. Bila kipimo cha siku ya kwanza hakuna cha kulinganisha. Kwa hiyo naomba kreatinini ipimwe kabla ya dozi ya pili ya jentamisini au amikasini, hata kama mtoto haonyeshi dalili yoyote ya figo. Kuna na kinyume chake: kotrimoksazoli inaweza kuipandisha kreatinini kidogo kwa kuzuia utolewaji wake tu, figo zikiwa salama. Mwendo huohuo wa vipimo, pamoja na mkojo, ndio utakaotutenganishia mambo hayo mawili.

Mkojo nao tunaupuuza, ingawa kuupima hakuhitaji mashine. Mtoto wa kilo 12 akitoa chini ya mililita 36 kwa saa 6, amevuka mstari wa KDIGO wa nusu mililita kwa kilo kwa saa. Pampasi ikipimwa kavu kisha ikapimwa tena imelowa, kila gramu iliyoongezeka ni takriban mililita moja. Kazi hii ni ya muuguzi, na nasema kwa dhati kwamba muuguzi anayeiandika kila zamu anafanya uchunguzi wa figo sawasawa na daktari. Hata hivyo mkojo mwingi usitupe amani: madhara ya jentamisini mara nyingi hujitokeza baada ya siku 5 hadi 7 za matibabu, huku mtoto akiendelea kukojoa.

Sasa karatasi ya dawa. Kila kundi la dawa lina namna yake ya kuumiza, na ukiijua utajua utafute nini. Diklofenaki na ibuprofeni hubana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio la figo. Mtoto mwenye maji ya kutosha mwilini huvumilia, lakini anayeharisha na kutapika hushindwa, na figo huzima ndani ya siku chache. Amfoterisini humwaga potasiamu, sisplatini humwaga magnesiamu. Tenofovia inaweza kutoa sukari kwenye mkojo ilhali sukari ya damu ni ya kawaida, na hilo kijiti cha mkojo cha bei ndogo hulionyesha. Asiklovia ikisukumwa haraka kwenye mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji huganda kama chembechembe ndani ya mirija. Penisilini na rifampisini zinaweza kuleta uvimbe wa kimzio ndani ya figo. Vitabu vinataja homa, upele na kupanda kwa eosinofili, lakini wagonjwa wenye dalili zote tatu ni wachache. Anayezingoja zote atamkosa mgonjwa.

Hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, iliugeuza ukaguzi huu kuwa utaratibu tangu 2011, chini ya Stuart Goldstein. Kila siku mfamasia huwatafuta watoto wanaopata dawa tatu au zaidi zenye sumu kwa figo, au aminoglaikosidi ya mshipa (kundi la jentamisini na amikasini) kwa siku tatu au zaidi, na hao hupimwa kreatinini kila siku. Watoto walioumia figo kwa dawa walipungua kwa asilimia 64. Kilichohitajika ni mtu mwenye jukumu la kusoma karatasi, na mtu huyo tunaye.

Lakini kuna dawa ambazo karatasi yetu haina, kwa sababu mtoto alizinywa nyumbani. Gambia, mwaka 2022, madaktari wa Banjul, akiwemo bingwa wa figo Abubacarr Jagne, waliona watoto wadogo wakifika wakitapika na mkojo umekata. Mwanzoni bakteria walishukiwa. Swali la kile mtoto alichokunywa kabla ya kuugua ndilo lililoelekeza kwenye sharubati, na vipimo vikakuta ndani yake sumu za daiethilini glaikoli na ethilini glaikoli. Watoto wapatao 70 walikufa. Indonesia walikufa zaidi ya 200 mwaka huohuo. Nasi hatuko mbali: Aprili 2024 Kenya na Tanzania zilikuwa miongoni mwa nchi zilizoondoa sokoni toleo moja la sharubati ya kikohozi ya watoto, baada ya mamlaka ya dawa ya Nigeria kuripoti daiethilini glaikoli ndani yake.

Kwa hiyo mtoto asiyekojoa asipokelewe bila mama au bibi yake kuulizwa, kwa upole na bila kumlaumu, alimpa nini wiki nzima iliyopita: dawa ya duka la dawa, ya mganga, ya jirani. Watu huificha dawa ya kienyeji pale wanapohisi watafokewa. Chupa iletwe, namba ya toleo inakiliwe kwenye faili, na mabaki yahifadhiwe. Wakifika watoto wawili wa mitaa ya jirani wenye hali hiyohiyo, tusingoje wa tatu. Fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa ijazwe, na mamlaka yetu ya dawa, TMDA, ipigiwe simu siku hiyohiyo, kabla chupa nyingine ya toleo lile haijauzwa.