Mashindano ya Magari na Wajibu wa Mlinzi wa Njia



Tarehe 13 Desemba 2024, mjini Kigali, Rais Paul Kagame alitangaza rasmi kwamba Rwanda inaomba kuandaa mashindano ya magari ya Formula One, yaani yale mashindano ya langalanga yaliyo ya daraja la juu kuliko yote duniani. Tangazo hilo lilitolewa wakati Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, lilipokuwa limekutana mjini humo kwa mkutano wake mkuu na kwa sherehe ya kuwatunuku mabingwa wake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mambo hayo kufanyika katika ardhi ya Afrika. Mara ya mwisho magari ya Formula One kushindana katika bara hili ilikuwa Machi 1993, huko Kyalami, Afrika Kusini.

Ombi ni jambo moja na kibali ni jambo jingine. Hata hivyo, tangu ombi hilo litolewe, jambo hili limekuwa la kuzungumzwa na kila mtu. Kijana wa Kagugu, katika sekta ya Kinyinya wilayani Gasabo, akisikia habari za magari yanayopita kilomita 300 kwa saa, hufikiri kwanza juu ya kasi. Hiyo ni haki yake. Lakini askari anayesimama kwenye njia panda analo swali jingine, nalo ni hili: siku magari ya namna hiyo yatakapokuja, ni nani atakayesimama kando ya njia, na atasimama akiwa amefundishwa nini? Ili kulijibu swali hilo, hapana budi kutazama jinsi mashindano haya yalivyobadilika tangu yalipoanza.

Mashindano ya kwanza ya kuwania ubingwa wa dunia wa Formula One yalifanyika Silverstone, Uingereza, tarehe 13 Mei 1950. Mshindi, Giuseppe Farina wa Italia, alikwenda kwa wastani wa kilomita 146 kwa saa. Mwaka 2003, huko Monza, Michael Schumacher wa Ujerumani alishinda kwa wastani wa kilomita 247 kwa saa. Kwa hiyo ni kweli kwamba kasi imeongezeka sana. Lakini dereva wa mwaka 1950 hakuwa na mkanda wa usalama. Wako madereva wa siku zile walioona ni heri kurushwa nje ya gari kuliko kufungwa ndani yake likiwaka moto. Kofia ngumu ya kichwani haikuwa lazima mpaka mwaka 1952, na mikanda haikuwa lazima mpaka mwaka 1972. Leo abiria wa pikipiki anayepanda kilima cha Kagugu huvaa kofia ngumu, na asipoivaa anavunja sheria. Kwa jambo hilo moja, abiria huyo analindwa kuliko alivyolindwa bingwa wa dunia wa mwaka 1950.

Watazamaji nao hawakulindwa. Tarehe 11 Juni 1955, huko Le Mans, Ufaransa, gari moja liligonga jingine, likaruka na kuvunjika, na vipande vyake vikaangukia umati. Watu zaidi ya 80 walikufa. Nchi ya Uswisi ilipiga marufuku mashindano ya aina hiyo katika ardhi yake. Mahali pengine mashindano yaliendelea, na somo lilisomwa polepole mno.

Mfano ulio wazi kupita yote kwa watu wenye kazi ya ulinzi ulitokea Zandvoort, Uholanzi, tarehe 29 Julai 1973. Dereva kijana wa Kiingereza, Roger Williamson, alipata ajali; gari lake lilipinduka na kuwaka moto, naye akabanwa chini yake akiwa hai. Dereva mwenzake, David Purley, ambaye zamani alikuwa askari wa miavuli katika jeshi la Uingereza, alisimamisha gari lake, akavuka njia kwa mbio, na akajaribu peke yake kulipindua lile gari lililokuwa likiungua. Aliposhindwa, alichukua mtungi wa kuzimia moto akaumaliza wote, kisha akarudi tena kuinua gari kwa mikono. Walinzi wa njia walikuwapo karibu, lakini hawakuwa na mavazi ya kuhimili moto, kwa hiyo hawakuweza kusogea. Watazamaji waliotaka kuvuka kwenda kusaidia walizuiwa. Mashindano hayakusimamishwa. Madereva wengine waliopita hapo walimwona Purley amesimama kando ya gari linaloungua, wakadhani yeye ndiye mwenye gari, na kwamba amekwisha kuokoka. Gari la zimamoto lilichukua takriban dakika 8 kufika, na Williamson alikuwa amekwisha kufa. Baadaye Purley alipewa nishani ya ushujaa ya George.

Tukio hili linastahili kufikiriwa kwa makini na kila askari, kwa sababu ndani yake haukukosekana ushujaa, wala haikukosekana utii. Purley alikuwa shujaa, na ushujaa wa mtu mmoja haukutosha. Waliowazuia watazamaji walitimiza amri waliyopewa, na amri yenyewe haikuwa mbaya, maana watu kuingia katika njia ya magari ni kuongeza maiti. Kilichokosekana ni matayarisho. Hapakuwa na mavazi, hapakuwa na gari la zimamoto mahali palipofaa, na hapakuwa na njia ya uhakika ya kumfahamisha msimamizi mkuu kwamba ndani ya moto ule yumo mtu. Utii bila matayarisho huwaacha watu wema wamesimama wakitazama.

Upo na mfano wa hapa Afrika. Tarehe 5 Machi 1977, huko Kyalami, gari moja lilisimama kando ya njia likaanza kutoa moto. Walinzi wawili wa njia walikimbia kuvuka ili wakauzime. Mmoja wao, Frederik Jansen van Vuuren, kijana wa miaka 19, alikuwa amebeba mtungi wa kuzimia moto. Gari la Tom Pryce wa Uingereza lilitokea juu ya mwinuko kwa kasi kubwa, likamgonga, na ule mtungi ukampiga Pryce kichwani. Wote wawili walikufa papo hapo. Kijana yule alikwenda kuokoa, lakini hakuna aliyemwambia kwamba njia iko wazi. Huko Zandvoort watu walikufa ganzi kwa kukosa vifaa. Huku Kyalami mtu aliondoka kabla ya kupewa ishara. Chanzo ni kimoja, nacho ni kwamba mlinzi wa njia alihesabiwa kuwa mtu wa kusimama tu, wala si mtu wa kufundishwa kazi.

Mabadiliko yalikuja kwa madai na kwa misiba. Jackie Stewart wa Scotland, baada ya kunasa ndani ya gari lake huko Spa, Ubelgiji, mwaka 1966, akiwa amelowa petroli, aliongoza madereva kudai vizuizi bora, madaktari na magari ya wagonjwa. Wako waliomcheka wakisema anaogopa. Mwaka 1994, huko Imola, Italia, Roland Ratzenberger alikufa tarehe 30 Aprili, na bingwa Ayrton Senna wa Brazil akafa kesho yake, na baada ya hapo kanuni za magari na za njia zilitazamwa upya. Mwaka 2014, huko Japani, Jules Bianchi aligonga mashine iliyokuwa ikiondoa gari jingine njiani, naye akafa mwaka uliofuata. Tangu mwaka 2018 kila gari la Formula One lina upinde wa madini magumu ya titani juu ya kichwa cha dereva, uitwao Halo.

Faida ya mambo hayo yote ilionekana Bahrain, tarehe 29 Novemba 2020. Gari la Romain Grosjean wa Ufaransa liligonga kizuizi kwa kasi ya kilomita 192 kwa saa, likakatika vipande viwili na kulipuka moto. Dereva alikaa ndani ya moto sekunde 28, kisha akatoka kwa miguu yake, akiwa ameungua mikono. Upinde ule, ambao yeye mwenyewe alikuwa ameupinga hapo kwanza, ulikinga kichwa chake. Na mavazi yake yalihimili moto. Gari la daktari, ambalo kwa kanuni hufuata nyuma ya washindani katika mzunguko wa kwanza, lilifika katika sekunde chache. Mlinzi wa njia alikuwa na mtungi wake, na alijua kazi yake. Mashindano yalisimamishwa mara moja kwa bendera nyekundu. Katika Zandvoort na katika Bahrain moto ulikuwa moto, lakini katika Bahrain kila mtu alijua mapema mahali pake na amri yake.

Afrika ya Mashariki nayo ina historia yake katika jambo hili. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika barabara za vumbi na matope zilizokuwa zikitumiwa wakati huo huo na wananchi na mifugo yao. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara 3, mwaka 1965, 1974 na 1976. Na Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alishinda mara 5, ya kwanza mwaka 1973 na ya mwisho mwaka 1982. Uhodari wao hauna shaka. Lakini barabara ya wazi ni hatari, na katika miaka ile magari ya mbio za barabarani yalizidi kuwa na nguvu. Mwezi Machi 1986, huko Ureno, gari moja liliingia katika umati uliojipanga ukingoni mwa barabara, likaua watazamaji watatu na kujeruhi zaidi ya 30. Mwezi Mei mwaka huo huo Henri Toivonen wa Finland na msoma ramani wake, Sergio Cresto, walikufa huko Corsica. Magari ya kundi hilo yaliondolewa mashindanoni mwisho wa mwaka. Safari yenyewe ilitoka katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, na iliporudi mwaka 2021, ikiwa na makao Naivasha, ilirudi kwa namna nyingine: barabara za mashindano hufungwa, na watazamaji huwekwa mahali palipopangwa.

Rwanda haianzi mwanzo kabisa. Mashindano yake ya Sokwe wa Milimani yamo katika ubingwa wa Afrika wa mbio za barabarani, na mwezi Septemba 2025 Kigali ilikuwa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani. Tangu mwaka 2019 Polisi ya Taifa imekuwa ikiendesha kampeni ya Gerayo Amahoro, yaani ufike salama. Lakini mtu asidanganyike. Baiskeli ikitoka njiani huumiza wachache. Gari la mbio likitoka njiani ni jambo la Le Mans. Yapasa mafunzo ya walinzi wa njia yatangulie sherehe.

Liko na somo jingine lililotolewa Kigali kwenyewe. Mwezi huo wa Desemba 2024, bingwa wa dunia Max Verstappen wa Uholanzi alifanya kazi ya jamii mjini humo pamoja na vijana wanaojifunza mbio za magari. Hiyo ilikuwa adhabu yake, kwa sababu alitumia lugha chafu katika mkutano wa waandishi wa habari huko Singapore. Wapo wanaoweza kuona kuwa kosa lilikuwa dogo. Lakini jeshi lolote linafahamu kwamba nidhamu isiyomfikia mkubwa haimfikii mdogo.

Mwisho, ni vema kumrudia yule kijana wa Kagugu. Akiona magari hayo katika picha, huenda akataka kuendesha pikipiki au gari kwa kasi ya namna ile katika mteremko wa mtaa wake. Askari atakayemsimamisha asimwambie tu kwamba amevunja sheria. Amwambie kwamba wale anaowaiga hushindana katika njia iliyofungwa, wamevaa mavazi ya kuhimili moto, daktari akiwa nyuma yao, na bendera moja tu ya mlinzi huwatosha kupunguza mwendo. Dereva wa Formula One asiyeitii bendera ya manjano huadhibiwa, hata akiwa bingwa. Katika barabara ya Kagugu hakuna vizuizi wala daktari anayefuata nyuma. Wapo watoto wanaokwenda shule. Mahali hapo bendera ya manjano ni mkono wa askari, na mkono huo una maana ikiwa mwenyewe amefundishwa, yuko mahali pake, na yuko macho.