Watu Wawili na Vioo vya Madukani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Halmashauri ya tawi ilituagiza tuseme juu ya maandamano na polisi, kwa sababu maneno haya yamekuwa mengi kantini. Wengine wasema watu weusi wakidai haki barabarani, mwisho wake ni mali kuharibika, basi heri wakae kimya. Wengine wasema polisi hapigi mtu bure. Tumeona tusibishane kwa maneno matupu. Tutwae habari moja iliyokwisha, tuitazame toka mwanzo hata mwisho. Nayo ni mgomo wa wazoa taka wa Memphis, huko Marekani, mwaka wa 1968.

Memphis ni mji wa kusini, kando ya mto Mississippi. Kazi ya kuzoa taka ilikuwa ya watu weusi, na wasimamizi walikuwa Wazungu. Mtu alibeba pipa begani au kichwani kutoka nyuma ya nyumba za watu, nalo pipa limetoboka, maji machafu yanamtiririka shingoni. Mshahara ulikuwa mdogo hata wengine, ingawa walifanya kazi wiki nzima, walipokea ule msaada wa serikali wanaopewa maskini. Mwisho wa Januari mwaka huo mvua ilinyesha, na vibarua weusi wa mitaro wakarudishwa nyumbani bila mshahara wa siku, lakini wasimamizi Wazungu wakakaa wakalipwa. Ninyi vibarua wa njia ya reli mnaelewa jambo hili bila kuelezwa zaidi.

Tarehe 1 Februari 1968 mvua ilinyesha tena. Watu wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga ndani ya gari lao la taka, pale nyuma penye mtambo wa kubana. Gari lilikuwa la zamani, na wafanya kazi walikuwa wamekwisha kulalamika juu ya magari ya namna hiyo. Mtambo ukaanza kwenda, ukawabana wote wawili wakafa. Sisi tunaofunga mabehewa twajua ya kuwa chuma kikisogea juu ya chuma, mtu aliye katikati hana la kufanya. Na kwa kuwa walihesabiwa kama watu wa kulipwa kwa saa, hawakuwa na haki ya fidia. Jamaa zao walipewa mshahara wa mwezi mmoja na dola 500 za mazishi.

Siku hiyo hapakuwa na ghasia mjini Memphis. Hakuna askari aliyeitwa, wala jeshi halikuletwa. Mji ulikuwa na amani, kama watu wapendavyo kusema. Neno hilo amani tulipime vizuri kila tunapolisikia.

Tarehe 12 Februari watu karibu 1,300 hawakwenda kazini. Walitaka chama chao kitambuliwe, ada ikatwe kwenye mshahara, malipo yaongezwe, na kazi iwe salama. Meya, Bwana Henry Loeb, alijibu kwamba mgomo wa watumishi wa manispaa ni kinyume cha sheria. Warudi kazini kwanza. Akaanza kuandika watu wengine badala yao. Tarehe 23 waligoma wakaandamana barabara kuu, wachungaji wa makanisa wakiwa pamoja nao. Gari la polisi liliwasonga, likamkanyaga mama mmoja mguu. Wanaume wakalitikisa gari lile. Basi askari wakatoa dawa ya kuwasha macho wakawapulizia wote, mzoa taka na mchungaji sawasawa. Kola ya kanisa haikumsaidia mtu siku ile.

Baada ya hapo walitengeneza mabango yenye maneno machache ya Kiingereza, ambayo maana yake ni hii: Mimi ni mwanamume. Mtu aweza kuuliza, je, nani hakujua? Lakini huko kusini mtu mweusi mwenye wajukuu aliitwa mtoto na Mzungu kijana. Neno lenyewe ni lile lile wazee wetu waliloitwa katika nchi hii zamani za ukoloni: boi. Ndiyo maana bango lile halihitaji kuelezwa kwa mzee yeyote aliyestaafu relwe.

Tarehe 28 Machi Dr. Martin Luther King alikuja kuongoza maandamano. Watu walikuwa wengi, wapangaji walikuwa wachache, na kule nyuma vijana wengine wakaanza kuvunja vioo vya maduka. Hatutaficha jambo hili. Halikusaidia mgomo hata kidogo, lilimpa Meya fimbo aliyokuwa akiitafuta. Lakini polisi hawakuwafuata waliovunja vioo peke yao. Walipiga kwa rungu na moshi wa kutoa machozi kila aliyekuwa mbele yao, wakawafukuza watu mpaka kanisani walikotoka, na moshi ukaingia humo ndani. Kijana wa miaka 16, Larry Payne, alipigwa risasi na polisi akafa. Polisi walisema alikuwa na kisu. Walioona walisema alikuwa ameinua mikono. Askari wa jeshi la jimbo karibu 4,000 wakaletwa, na watu wakakatazwa kutoka usiku.

Hapo ndipo nchi nzima ilipoamka. Wakubwa serikalini na magazeti walimlaumu Dr. King. Na idara ya upelelezi, FBI, iliandika maneno ya kumdhihaki kwa siri ili yapelekwe kwa waandishi wa magazeti. Mambo hayo yalikuja kufichuliwa na kamati ya Seneti miaka ya 1970. Basi, ndugu, hesabuni wenyewe. Watu wawili walisagwa ndani ya gari bovu, na waliopiga kelele walikuwa wenzao tu. Vioo vilipovunjika, kila mtu akapata sauti. Anayetuambia kwamba anachukia fujo, tumwulize alikuwa wapi Februari.

Wala tusifikiri haya ni ya Marekani tu. Machi 1922 wafanya kazi wa Nairobi waliacha kazi kwa sababu Harry Thuku alikuwa amekamatwa, wakakusanyika mbele ya kituo cha polisi. Tarehe 16 wakapigwa risasi, na walioshuhudia walisema Wazungu waliokuwa hoteli ya Norfolk nao walipiga bunduki. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walisema ni wengi zaidi.

Turudi Memphis. Dr. King hakutaka watu waseme kwamba wazoa taka ni wahuni, akarudi kutengeneza maandamano mengine yenye utaratibu. Ndiyo sababu alikuwa huko tarehe 4 Aprili, alipopigwa risasi akafa. Tarehe 8 mjane wake, Bibi Coretta, aliongoza maelfu ya watu katika barabara zile zile. Walitembea kimya kabisa, wapangaji wa chama wakiwa pande zote, na hapana kioo kilichovunjika. Twasema hivi hasa kwa wale kati yetu wanaoona utaratibu wa maandamano ni kazi ndogo ya kuachiwa mtu yeyote mwenye kitambaa mkononi.

Tarehe 16 Aprili manispaa ilikubali. Chama kikatambuliwa, mshahara ukaongezwa senti 15 kwa saa kwa mafungu mawili, na ada ikakatwa kwa njia ya chama chao cha akiba. Mambo hayo yangaliweza kuandikwa kwenye karatasi mwezi wa Februari.

Liko jambo moja zaidi, nalo latuhusu sisi wa malipo ya uzeeni. Wagomaji wale hawakuingia katika pensheni ya manispaa, wakategemea malipo ya uzeeni ya serikali kuu, nayo ni haba. Mwaka wa 2017 manispaa ya Memphis ilitangaza kuwapa wazee wachache waliosalia dola 50,000 kila mmoja. Wakati huo mmoja wao, aliyepita miaka 80, alikuwa bado anatoka usiku na gari la taka.