Mbegu za Mikunde: Urithi wa Wote, Haki ya Wote



Tunapozungumzia haki tumezoea kutaja ardhi, maji na mishahara. Leo nawaalika tuitafakari mbegu, hasa ya jamii ya mikunde: maharage, kunde, mbaazi na choroko. Mazao haya humlisha asiyemudu nyama, na huurudishia udongo rutuba.

Mbegu hizo ni kazi ya mikono ya watu. Vizazi vya wakulima, wengi wao akina mama, walizichagua na kuzitunza msimu hata msimu. Wataalamu walikuja baadaye, wakakusanya sampuli na kuandika kila moja ilikotoka. Katika benki za mbegu sampuli hukaushwa, hutunzwa katika baridi kali, na hupimwa mara kwa mara kama bado zinaota. Kituo cha CIAT, nchini Colombia, kinatunza sampuli zaidi ya 37,000 za maharage.

Kwa nini jambo hili ni la haki? Mwaka 1994 Mmarekani mmoja alinunua maharage ya njano nchini Mexico. Mwaka 1999 alipewa hataza nchini Marekani, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, akaanza kuwadai malipo walioingiza maharage ya njano kutoka Mexico. Hivyo wakulima waliorithi zao hilo kwa wazee wao wakazibiwa soko. Mwaka 2000 CIAT ilipinga hataza hiyo, ikaonyesha kwamba maharage ya namna hiyo yalikuwamo tangu zamani katika hifadhi yake. Hataza ilibatilishwa mwaka 2008, na mahakama ya rufani ikathibitisha hivyo mwaka 2009. Haki ilishinda, lakini mkulima aliisubiri miaka kumi.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mbegu iliyohifadhiwa pamoja na kumbukumbu zake ni chakula cha kesho, tena ni shahidi wa mnyonge.

Je, basi tuwanyime watafiti mbegu zetu? Hapana. Zao lisilopata mbegu za kuliboresha hushindwa na magonjwa na ukame, na wa kwanza kuumia ni maskini. Mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2001, na kuanza kutumika mwaka 2004, unaruhusu kushirikiana mbegu za mazao mengi, yakiwamo maharage, kunde na mbaazi. Anayezipokea hakubaliwi kuzimiliki kama alivyozipokea. Mkataba huo pia unatambua haki za wakulima, ila unaziachia serikali jukumu la kuzitekeleza.

Hapo ndipo penye wajibu wetu. Kila jumuiya iandike majina ya mbegu zake za asili, sifa zake na watunzaji wake. Mtafiti akija, tumpokee kwa heshima, kisha tumwulize: mbegu hii inakwenda wapi, kwa makubaliano gani, na matokeo yatarudi kwetu kwa njia ipi? Kutoa ni wema. Kutoa kwa kujua ni haki.