Mti Shambani Si Mwizi wa Mazao

Mazungumzo ya Ofisa Habari wa Halmashauri na wakazi wa Kata ya Njoro



Wengi wetu tunaishi hapa mjini, lakini familia zetu zina kihamba huko mlimani na shamba la mahindi huku tambarare. Ada ya shule inapofika, swali hurudi lile lile: je, tuukate mruka wa kihambani tuuze mbao?

Kabla ya kujibu, tukitazame kihamba kinavyofanya kazi. Juu husimama miruka na miringaringa; chini yake migomba, kisha kahawa, na ardhini maharage na magimbi. Mruka ni wa jamii ya kunde: bakteria walio katika mizizi yake huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mimea. Majani yake huanguka, yakaoza na kuwa mboji. Kivuli huzuia udongo usikauke upesi, nayo mizizi huushika usisombwe na mvua za masika. Kwa utaratibu huo, mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, wilayani Moshi, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani.

Faida yake huonekana hasa mvua zinapoyumba. Mahindi yakikauka, nyumba yenye kihamba bado ina ndizi na magimbi, na ng'ombe bado ana majani. Anayetegemea zao moja hutegemea msimu mmoja.

Huku tambarare nako tunaweza kuanza kidogo: mbaazi kati ya mistari ya mahindi, na migrivelia mipakani. Lakini miti ina masharti yake. Kivuli kikizidi, mavuno hupungua. Basi tupogoe matawi. Mikaratusi hunywa maji mengi. Tusiipande karibu na chemchemi wala mifereji.

Ndugu zangu, ada ni deni la kweli, wala simlaumu mzazi anayebanwa. Naomba tu, kabla ya kushika shoka, tumwone ofisa ugani wa kata. Na anayelazimika kukata, apande mche kwanza. Mruka ukiuzwa hulipa ada mara moja. Ukisimama, huisaidia nyumba kula kila mwaka.