Ufunguo wa Kompyuta: Tuusome Vizuri, Tusidanganywe

Hotuba kwa wanakisomo wa Kinjumbi, Wilaya ya Kilwa



Leo tumekutana kuzungumza juu ya ufunguo wa kompyuta. Huenda mmoja wetu akauliza: sisi ni wakulima wa ufuta na korosho, ufunguo wa kompyuta unatuhusu nini? Unatuhusu sana. Siku hizi kilo za mkulima zinaandikwa katika kompyuta. Majina ya watoto wetu nayo yanaandikwa humo humo. Kompyuta ikiharibiwa, haki yetu ndiyo inayopotea.

Kompyuta nyingi zinazofika vijijini ni kuukuu. Zimetumika mjini kwanza, ndipo zikaletwa kwetu. Siku moja unaiwasha, unakuta maneno kwamba Windows hii si halali, au muda wake umekwisha. Je, Windows ni nini? Ni programu kuu inayoongoza kazi zote za kompyuta, kama nahodha chomboni. Inatengenezwa na kampuni ya Microsoft ya Marekani, nayo inauza ruhusa ya kuitumia. Ufunguo ni alama ya ruhusa hiyo.

Ufunguo huu si wa chuma. Ni herufi na tarakimu 25, zimepangwa mafungu matano, kila fungu tano. Kompyuta iliyouzwa na Windows 7 ina karatasi ndogo yenye ufunguo huo. Imebandikwa ubavuni, au chini yake kama ni kompyuta ya kukunja.

Hapa ndipo kisomo chetu kinapofanya kazi. Sisi sote tulianza na a, e, i, o, u. Kumbe katika ufunguo huu irabu hizo hamna hata moja! Sifuri hamna, wala moja. Basi ukiona kitu cha duara, usiandike O wala sifuri. Tazama tena, huenda ni Q au D. Tena tuangalie sana B na 8, pia G na 6. Mmoja asome kwa sauti, mwenzake aandike, wa tatu akague. Tuandike mapema katika daftari, kabla maandishi hayajafutika.

Sasa tufuate hatua moja moja.

Kwanza, tunakili kumbukumbu zote kwenye flashi, tuiweke mbali. Tusiguse kitu kabla ya hapo.

Pili, tutazame tarehe. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo ya duara kama sarafu, inayotunza saa. Betri ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na hata ufunguo mzuri unaweza kukataliwa. Tubadilishe betri, tusahihishe tarehe.

Tatu, tuhakikishe ufunguo unalingana na Windows iliyomo. Zipo aina za nyumbani na aina za kazini. Ufunguo wa aina moja haufungui nyingine.

Nne, tuingize ufunguo, kisha tuunganishe intaneti, hata ya simu ya mkononi. Tutafute neno la Kiingereza Activate, maana yake amilisha. Hapo kompyuta inaiuliza Microsoft: je, ufunguo huu ni wa haki? Ikijibiwa ndiyo, kazi imekwisha. Kuingiza ufunguo bila kuuamilisha ni kazi nusu. Windows 7 ilitoa siku 30 tu za kungoja.

Kwa kawaida, kompyuta zilizotoka kiwandani na Windows 8 au 10 hazina herufi hizo juu ya karatasi. Ufunguo umewekwa ndani ya mashine. Ukipanga upya Windows ya aina ile ile, mashine inausoma yenyewe.

Tukumbuke pia: ufunguo uliokuja na kompyuta ni wa kompyuta hiyo hiyo. Ni kama namba ya pikipiki. Huwezi kuing'oa ukaipachika kwenye pikipiki ya jirani.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye hatari. Anakuja kijana na flashi mfukoni. "Shikamoo mzee, hii naifungua sasa hivi, nipe hela ya soda tu." Ni kweli, ile onyo inaondoka. Lakini huyo hakuleta ufunguo, amevunja kufuli. Programu za kuvunjia kufuli mara nyingi huja na virusi. Virusi vingine hufuta kumbukumbu, vingine huzifunga na kudai fedha. Umeokoa hela ya soda, umepoteza hesabu ya msimu mzima. Tena ni kosa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta pia.

Jambo la mwisho. Ufunguo halali hauifanyi Windows kuukuu kuwa salama. Microsoft iliacha kuitengenezea Windows XP dawa za kawaida mwaka 2014, Windows 7 mwaka 2020, na Windows 10 Oktoba 2025. Zamani uliweza kutumia ufunguo wa Windows 7 kuamilisha Windows 10, lakini njia hiyo ilifungwa mwaka 2023. Na Windows 11 inazikataa kompyuta nyingi kuukuu.

Je, tuzitupe? Hapana. Ipo programu kuu nyingine inayoitwa Linux. Aina zake nyingi ni za bure, hazidai ufunguo wowote, na zipo nyepesi zinazofaa mashine za zamani. Wala si jambo geni nchini. Mwaka 2004 wataalamu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya kuandikia na kupigia hesabu, kwa Kiswahili.

Basi tukubaliane hivi. Kila kompyuta ya kijiji iandikwe katika daftari: aina yake, ufunguo wake, na siku ilipotengenezwa. Fundi akija, aeleze anaingiza nini na ametoa wapi. Akishindwa kueleza, asiguse. Kama ufunguo halali haupo, tuweke Linux.

Tulijifunza kusoma ili tusipunjwe kwenye mizani. Na ufunguo huu tuusome vivyo hivyo.